Verlyn Opsahl Anasubiri Bei

Siku chama kilipomteua Verlyn Opsahl kugombea Usimamizi wa Ardhi za Umma, wajumbe walikuwa na njaa. Jambo hili halimo katika kumbukumbu za mkutano, lakini ndilo lililompa kazi. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wameshapitisha jina la gavana, la makamu wake, la mwanasheria mkuu, na ilani nzima ambayo hakuna aliyeisoma. Kutoka jiko la ukumbi harufu ya vipande vya nyama ya kondoo vinavyokaangwa ilikuwa imeanza kuwatembelea puani. Nafasi ya Ardhi ilikuwa ya mwisho.

"Nani anaitaka Ardhi?" aliuliza mwenyekiti wa chama, Marvella Stuhr, mama mwenye kifua cha mamlaka na sauti ya kusimamisha treni. Wajumbe wakageukia jikoni. "Jamani, kuna watu hapa au naongea na viti?"

Verlyn hakuwa mjumbe. Alikuwa dalali, amekodiwa kunadi keki za akina mama ili chama kipate hela ya mabango. Alikuwa amesimama karibu na mlango, keki ya krimu na matunda mkononi, akingoja zamu yake.

"Mpeni huyo dalali!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Angalau ana sauti! Na keki anayo!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, Marvella akagonga nyundo, na ukumbi mzima ukaenda kula. Verlyn akabaki pale pale na keki yake, akisubiri mtu amuulize kama anakubali. Hakuna aliyemuuliza mpaka leo.

Hivyo ndivyo mtu anavyoingia kwenye siasa katika jimbo lile la nyanda, huko katikati ya Amerika ambako upepo ndio mkazi wa kudumu na wengine ni wapangaji. Chama cha Marvella hushinda kila nafasi, tangu juu hadi chini, na jina la mgombea ni kama limau kando ya samaki. Kazi ya Verlyn ilikuwa kupanda gari la wazi kwenye gwaride za kila mji, kupunga mkono, na kuwarushia watoto peremende. Pia aligawa vipigio vya plastiki vya kuulia nzi vilivyochapwa jina lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera yake yote, na kusema kweli imewahudumia wananchi kuliko ilani.

Akashinda. Mtu wa redio akampigia simu kumuuliza anajisikiaje.

"Kawaida," alisema Verlyn.

Na hakuwa anajishusha. Verlyn alikuwa na ganzi. Umewahi kuukalia mguu vibaya, ukausimamia ukakuta si wako? Yeye alikuwa hivyo mwili mzima, tangu utotoni, na alishaizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea kukaa jirani na reli. Juu ya jukwaa la mnada wa ng'ombe ulimi wake ulikimbia mpaka wageni wakadhani anaumwa. Akishuka, maneno yalimtoka kama vile kila moja linalipiwa ushuru. Walipomzika baba yao, alisimama kaburini akijiuliza kama lango la zizi limefungwa. Aliwahi kumpenda mwalimu mmoja wa muziki. Yeye akasubiri dalili ya jibu, mwalimu akasubiri swali, miaka ikapita, mwalimu akahamia pwani. Kwa hesabu za Verlyn, bado hawajaachana.

Kwa mtu wa namna hiyo, ofisi ile ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Jimbo lilipoanzishwa, walioligawa kwa rula waliacha miraba fulani katika kila tarafa iwe mali ya watoto wa shule. Watoto hawali nyasi, kwa hiyo miraba hiyo hukodishwa kwa wafugaji, na kodi yake hununua chaki. Watu huiita mraba wa shule, na kila ranchi inayojiheshimu ina wake katikati ya malisho, umezungukwa na uzio ule ule, unaliwa na ng'ombe wale wale, mpaka wenyewe wamesahau kwamba si wao. Kazi ya Msimamizi ni kuikodisha upya kwa mnada, mahakama ya wilaya baada ya mahakama ya wilaya, kila mwezi wa Machi.

Katiba ya jimbo hairuhusu mtu kukaa ofisi moja zaidi ya vipindi viwili. Wazee wa chama walishalitafutia dawa hilo. Vipindi vya Verlyn vilipokwisha, alivuka ukumbi akawa Mkaguzi wa Hesabu, na Mkaguzi wa Hesabu akavuka ukumbi akawa Msimamizi wa Ardhi. Walikutana katikati, kila mmoja anasukuma kiti chake na mmea wake wa chungu, wakapishana.

"Dirisha linakwama," alisema Verlyn.

"Na langu bomba linavuja," alisema mwenzake.

Miaka ikaenda, wakapishana tena kurudi. Wapiga kura hawakugundua. Mmea wa Verlyn ndio pekee uliopukutisha majani kidogo, halafu nao ukapona.

*

Sasa, kuhusu minada ile.

Sheria inasema mraba anapewa mwenye bei ya juu. Desturi inasema mraba ulio ndani ya uzio wako ni wako, na jirani haongezi bei juu yako hata kama mnagombana, hata kama ng'ombe wake wanakufa njaa, hata kama ulimwibia mke. Inasimuliwa kwamba zama za mababu kuna mtu aliongeza. Wajukuu zake mpaka sasa gari lao likikwama kwenye theluji, majirani huja kuwavuta, lakini wanakuja polepole.

Kwa hiyo mnada ulikuwa ibada tu. Msimamizi anataja mraba na bei ya kuanzia. Mwenyewe anagusa ukingo wa kofia, mara moja. Msimamizi anasema "imekwenda," na wote wanarudi kwenye kahawa. Kugusa kofia mara mbili ni aibu. Ni kama kutoa mahari upya kila ukiingia chumbani kwako.

Verlyn alikuwa bingwa wa ibada hiyo. Neno "imekwenda" lilimtoka kabla kidole hakijafika kwenye kofia. Alifunga kila mraba kama mlango wa gari.

Isipokuwa mmoja.

Katika wilaya ya Harsted kulikuwa na mraba wa shule wenye chemchemi, maji baridi yanayotoka chini ya jiwe kiangazi na masika, na ulikuwa katikati ya ranchi ya kaka yake, Duane Opsahl. Baba yao aliukodisha mraba ule, na baba yake kabla yake. Ranchi ya Duane ilikuwa na nyasi za kutosha, lakini kwingine kote maji yalikuwa yale ya mvua, na mwezi wa Agosti mvua huwa imeenda likizo. Bila chemchemi ile Duane hana ng'ombe, na bila ng'ombe Duane ni mzee mwenye kofia.

Kila mraba huo ulipofika mnadani, Verlyn alipunguza mwendo. Alitaja bei, kaka yake akagusa kofia, na Verlyn akakaa kidogo kabla ya kufunga, ili mtu asije akasema Opsahl anampendelea Opsahl. Hakuna mtu wilayani Harsted ambaye angesema hivyo. Walikuwa wakimshangaa kwa kutompendelea. Lakini Verlyn aliona ndiyo adabu. Kwa wengine wote alifunga mlango, kwa ndugu yake akaacha upenyo.

Mwaka ule, mtu akapenyeza mkono.

Ilikuwa ndani ya ukumbi wa mahakama ya Harsted, kwa sababu nje upepo ulikuwa unachukua kofia za watu. Wafugaji walisimama na vikombe vya kahawa nyepesi kiasi cha kumwona mtu wa upande wa pili. Mzee Emil Schatz, ambaye hakukosa mnada hata mmoja kwa kuwa nyumbani mkewe alimkataza kuongea, alikuwa amekaa kwenye benchi la mashahidi.

"Verlyn, leo usituendeshe mbio," alisema. "Mara ya mwisho nilipiga chafya nikajikuta nimekodi korongo."

"Ulilihitaji korongo," alisema Duane, na kwa Duane hayo yalikuwa hotuba.

Watu wakacheka. Pembeni, karibu na tangi la maji ya kunywa, alisimama mgeni mwenye kofia pana mpya kabisa, ambayo bado ilikuwa na umbo la boksi lake. Aliitwa Daktari Preston Lisle, daktari wa meno kutoka majimbo ya mashariki, aliyekuwa amenunua vijishamba viwili vitatu mpakani mwa ranchi ya Duane ili apate pa kuwinda ndege. Alimsalimia kila mtu kwa kumshika mkono, jambo ambalo liliwapa watu wasiwasi mapema.

Verlyn akaanza. Miraba ikaenda kama njugu. Kisha akafika.

"Mraba wa chemchemi," alisema, na sauti yake ikashuka mwendo, kama kawaida. Akataja bei ya kuanzia. Duane akagusa kofia. Verlyn akanyamaza kidogo, kwa adabu.

Mkono ukapanda karibu na tangi la maji. "Mara mbili ya hiyo," alisema Daktari Lisle kwa uchangamfu, kama mtu anayejitolea kuosha vyombo.

Hakuna aliyegeuka. Wanaume wote wakaangalia viatu vyao. Emil Schatz alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya, akaufunga bila kitu kutoka.

Verlyn alimtazama kaka yake. Jambo lilikuwa rahisi. Duane alikuwa ameuza ndama vizuri mwaka ule, hela ilikuwepo. Aguse kofia mara moja tu zaidi. Sheria inampa Msimamizi nafasi ya kusubiri, na Verlyn akaamua kumpa kaka yake nafasi yote iliyopo duniani. Alisubiri. Saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi yake. Ndani ya Verlyn, mahali ambapo watu wengine wangesikia moyo ukidunda, palikuwa pametulia tu, kama chumba cha wageni.

Duane alikuwa anaiangalia nyundo iliyo mkononi mwa Verlyn.

Ikabidi Verlyn amwite. Angeweza kumwita "kaka," kama alivyomwita maisha yake yote. Lakini alikuwa kazini, na palikuwa na wageni.

"Bwana Opsahl?" alisema. "Unaongeza?"

Pale uso wa Duane ulifungwa. Aliyekuwa karibu naye angesikia komeo. Kikombe alikiweka kwenye dirisha, mikono akaiingiza mfukoni, yote miwili, mbali kabisa na kofia.

"Mara ya kwanza," alisema Verlyn. Akasubiri. "Mara ya pili." Akasubiri tena, mpaka mtu mmoja akakohoa kwa uchungu. "Imekwenda."

"Hivi ndivyo mnavyofanya?" Daktari Lisle alimuuliza mtu aliyekuwa karibu naye, kwa furaha. "Nilidhani ingekuwa ngumu zaidi!"

Duane alitoka nje akaingia kwenye pikapu yake. Verlyn akamalizia miraba iliyobaki. Njiani kurudi mji mkuu redio ilitaja bei ya ngano. Aliisikiliza mpaka mwisho.

*

Gazeti la mji mkuu liliandika habari hiyo ukurasa wa mbele: Msimamizi aliyemnyima hata ndugu yake wa tumbo moja. Mhariri akasema huu ndio uadilifu waliouasisi mababu. Marvella Stuhr akapiga simu kabla wino haujakauka.

"Verlyn, baba yangu, unajua umefanya nini?"

"Nimekodisha mraba."

"Amekodisha mraba! Umemkaanga ndugu yako mbele za watu, na watu wanapiga makofi! Mimi nipo kwenye siasa tangu nina kiuno, sijawahi kuona kitu hiki. Ulijisikiaje pale?"

"Kawaida."

"Kawaida!" Alisikika akimwambia mtu chumbani kwake: "Andika hiyo. Andika 'kawaida.'" Kisha akarudi kwenye simu. "Sikiliza. Mwaka huu unatetea Ardhi. Uchaguzi ujao tunakupeleka ugavana. Usiseme kitu. Wewe huwa husemi, ndiyo raha yako."

Verlyn hakusema kitu, na Marvella akachukulia kwamba amekubali.

Kiangazi hicho vikachapwa vipigio vipya vya nzi, vyekundu, vikubwa kuliko vya zamani. OPSAHL, viliandikwa. HANA NDUGU. Verlyn alivigawa kwenye gwaride zote. Alipopewa boksi la kwanza alisoma maneno yale, akaona tahajia iko sawa.

Agosti ikafika kama inavyofika. Daktari Lisle alikuwa ameshaweka uzio wake mpya kuzunguka chemchemi, na kibao cha USIINGIE, na hakurudi tena kwa sababu msimu wa ndege ulikuwa bado. Duane alivuta maji kutoka mjini kwa lori la tangi, alfajiri na jioni. Ng'ombe walikunywa huku wanaliangalia jiwe lile ng'ambo ya uzio. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mkongwe aliyewaongoza wenzake njia zote, jike mwenye maoni kuhusu kila kitu, ambaye Duane alimwita Mama Mkwe. Huyo hakuyakubali maji ya lori mpaka siku ya tatu, tena aliyanywa akiwa amempa Duane mgongo.

Novemba, Verlyn akashinda kwa kura nyingi kuliko gavana mwenyewe.

Wiki chache baadaye akaenda Harsted kula chakula cha Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo familia zote za Amerika hukutana mezani, kama alivyokwenda kila mwaka. Haikumjia akilini kwamba angeweza kutokwenda. Haikuwajia wao pia kumfungia mlango. Shemeji yake, Lavonne, alimwekea sahani, bata mzinga, viazi vya kuponda, na jeli nyekundu yenye vipande vya karoti ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuiondoa mezani. Walikula. Duane aliomba chumvi. Verlyn akampa chumvi.

Ukutani, kwenye msumari karibu na jiko, kilining'inia kipigio chekundu.

Lavonne ndiye mtu pekee katika familia ile aliyezaliwa na damu inayochemka. Aliolewa tu na Opsahl kwa bahati mbaya ya dansi moja. Alivumilia mpaka keki.

"Shemeji," alisema, "hilo neno la kwenye kipigio, nani alilitunga?"

"Chama."

"Ukalisoma?"

"Nililisoma."

"Na tulikupigia kura, unajua? Mimi na huyu. Tulisimama foleni na baridi ile. Nikamuuliza huyu, tunampigia nani mwingine? Akasema hamna mwingine, ni Opsahl." Akakata keki kana kwamba keki ndiyo iliyomkosea. "Sasa nieleze. Pale mahakamani ulikuwa unasubiri nini?"

Verlyn alifikiri. "Nilikuwa nampa nafasi. Aguse kofia tena, basi."

Lavonne akamgeukia mumewe. "Na wewe? Ulikuwa unasubiri nini?"

Duane alitafuna, akameza. "Afunge," alisema. "Kama anavyowafungia wengine."

"Na hela ulikuwa nayo."

"Hela nilikuwa nayo."

"Basi mbona hukuguswa na shetani ukagusa hiyo kofia?"

"Aliniita Bwana Opsahl," alisema Duane.

Lavonne aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, wamekaa na migongo imenyooka, wanafanana mpaka namna ya kushika uma. "Nyie wawili," alisema, "nyumba ikishika moto mtaungua mmekaa, kila mmoja anamwachia mwenzake heshima ya kusema moto." Akanyanyuka, akachukua kipigio, na kwa kuwa Novemba hakuna nzi, akakipiga mezani bure. Jeli ikatetemeka. Kisha akakirudisha msumarini na kuwamiminia kahawa.

Baada ya kahawa, Duane akasema, akiangalia dirishani, "Nauza ng'ombe. Wote. Kabla theluji haijakaa."

"Ah," alisema Verlyn.

"Utanadi wewe. Sitamweka mtu mgeni awaguse."

Verlyn alisema sawa. Aliosha kikombe chake, akavaa koti. Akiwa njiani alijaribu kuhisi kitu, kama mtu anavyoligusa jino kwa ulimi kutafuta linapouma. Halikuuma popote. Alijua tu kwamba mahali fulani lilikuwepo.

*

Mnada wa mifugo ya Duane ulikuwa uwanjani kwake, na wilaya nzima ilikuja. Hiyo nayo ni desturi: jirani akiuza mifugo yake, unakuja, unaongeza bei juu kuliko thamani, na hutamki neno la pole. Emil Schatz alinunua madume asiyoyahitaji. Akina mama walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga. Daktari Lisle hakuwepo. Alituma kadi.

Marvella Stuhr alikuwepo. Alikuja na mtu wa kamera.

"Usimjali huyu, baba," alimwambia Verlyn chini ya jukwaa. "Ananasa tu kidogo. Mtumishi wa umma ananadi mifugo ya damu yake mwenyewe! Picha hii ni ikulu, Verlyn. Usilie. Au lia kidogo. Unaweza kulia?"

"Sijui," alisema Verlyn, na alikuwa anasema kweli.

Akapanda, akashika kipaza sauti, na ulimi ukaanza kukimbia wenyewe. Nani ananipa, nani ananipa, huyu mzuri huyu, miguu hiyo, mgongo huo, nani ananipa. Makundi yakaingia uwanjani upande mmoja na kutoka upande mwingine. Imekwenda. Imekwenda. Alifunga haraka, kama mlango wa gari, moja baada ya jingine. Duane alikuwa amesimama kwenye uzio, mikono juu ya ubao, haangalii ng'ombe wala watu.

Wa mwisho akaingia Mama Mkwe, peke yake, mzee, mbavu nje. Akasimama katikati, akamkagua kila mtu, akaonekana hakuridhika.

"Huyo msimwekee bei, mtamuudhi!" alisema Emil.

Mnunuzi wa kiwanda cha nyama, mtu mnene aliyekaa pembeni na kijiti mdomoni, akataja bei ya ngozi na mifupa. Hakuna aliyeongeza. Hata adabu ya majirani ina mwisho. Ng'ombe wa umri ule ungemlipia mazishi.

Verlyn alikuwa na bei mkononi. Neno lilikuwa fupi na alilijua. Alifungua mdomo, likakataa kutoka. Akasubiri.

Watu wakasubiri naye. Kamera ikavuma. Marvella akamshika mkono mtu wake: "Nasa, nasa." Upepo ulilipiga bati la banda. Verlyn aliangalia kwenye uzio, na safari hii Duane alikuwa anamwangalia yeye.

"Pokea hiyo bei, bwana mdogo," alisema Duane, si kwa sauti kubwa. "Ng'ombe anachoka kusimama."

Tangu Machi hakuwa amemwita hivyo.

"Mimi," alisema Verlyn kwenye kipaza sauti.

"Wewe nini?" aliuliza Duane.

"Naongeza. Mimi."

Kicheko kikaanzia kwa Emil na kuzunguka uwanja. "Dalali hanunui, mzee! Utajigongea nyundo mwenyewe?"

"Imekwenda," alisema Verlyn, na kujigongea nyundo mwenyewe.

Duane aliinamisha kichwa juu ya ubao. Mabega yalimtikisika, ilikuwa vigumu kujua kwa nini. Alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Utamweka wapi?" aliuliza. "Ofisini? Karibu na ule mmea?"

Verlyn hakuwa amefikiria. Alikuwa anakaa kwenye chumba cha juu ya duka la dawa, mjini.

"Una ardhi yote ya jimbo," alisema Duane, "na huna pa kumfunga ng'ombe mmoja."

"Sina, kaka," alisema Verlyn.

Duane alitafakari muda mrefu, kama Opsahl. "Basi abaki hapa. Mmoja naweza kumtekea kwa ndoo. Lakini utalipa kodi."

"Kiasi gani?"

"Tutafanya mnada," alisema Duane, akageuka akaenda kula viazi.

"Hiyo ya mwisho tutaikata," Marvella alimwambia mtu wa kamera. Lakini walipoitazama filamu mjini hawakujua pa kukata. Ng'ombe alikuwa kila mahali, na mgombea wao alionekana kama mtu mwenye ndugu. Ugavana wakampa bwana mmoja aliyekuwa akijitangaza kwenye televisheni akiuza magodoro, naye ameufanya vizuri tu. Muda wake ulipofika, Verlyn alisukuma kiti chake na mmea wake akavuka ukumbi kurudi kwenye Hesabu.

Jioni ile ya mnada, malori yalipokwisha kuondoka, Mama Mkwe alitoka zizini mwenyewe, kwa kuwa lango halikuwa limefungwa. Hapakuwa tena na wa kumfuata, akaongoza hivyo hivyo, njia ile ile ya siku zote, mpaka kwenye uzio wa daktari. Akasimama hapo shingo juu ya waya, karibu na kibao cha USIINGIE. Maji yalisikika ng'ambo, chini ya jiwe.

Verlyn alimfuata akiwa na ndoo. Aliiweka chini mbele yake. Ng'ombe hakuitazama.

Akakaa naye. Baridi ikamwingia vidoleni, akaiona ikiingia, hakuwa na la kuiambia. Kutoka nyumbani mlango ulifunguliwa na sauti ya Lavonne ikaja na upepo: "Shemeji! Chakula kinapoa! Mnasubiri nini huko?"

"Anywe," alijibu Verlyn.